Je, Wajua? Sheria Iliyo Mlangoni Kwako

Je, wajua kwamba mwizi wa pikipiki yako akifikishwa mahakamani, kesi ile si yako? Ni ya Jamhuri. Juu ya jalada pameandikwa Jamhuri dhidi ya fulani, na wewe mwenye pikipiki jina lako limo kwenye orodha ya mashahidi. Ndiyo maana kusema "nimemsamehe, yaishe" hakutoshi kulimaliza shauri. Kwa makosa madogo, kama shambulio la kawaida, mahakama inaweza kuwaruhusu wahusika wapatane. Wizi wa kutumia silaha hauna mapatano ya barazani.

Kesi ya madai ni kinyume chake. Hiyo unaifungua mwenyewe, unaiendesha mwenyewe au kwa wakili, na ukishinda unalipwa fidia au unarudishiwa kilicho chako. Tukio moja linaweza kuzaa kesi zote mbili: dereva aliyekugonga anashtakiwa na Jamhuri kwa uzembe barabarani, na wewe unamdai gharama za mguu uliovunjika.

Je, wajua kwamba kipimo cha ushahidi si kimoja? Kwenye jinai, upande wa mashtaka lazima uthibitishe kosa bila kuacha shaka ya msingi. Kwenye madai anashinda yule ambaye maelezo yake yanaaminika zaidi. Mtu anaweza kuachiwa huru kwenye kesi ya jinai, kisha akashindwa kwenye ya madai iliyotokana na jambo lilelile, na mahakama zote mbili zikawa sahihi.

"Ana kesi ya kujibu." Magazeti yakiandika hivyo, mtaani watu wanasema amekwisha. Bado hajakwisha. Maana yake ni kwamba upande wa mashtaka umemaliza mashahidi wake, hakimu ameona pana jambo linalohitaji majibu, na sasa mshtakiwa anapewa nafasi ya kujitetea. Na kesi "ikiondolewa" kabla ya kusikilizwa, mshtakiwa hajashinda pia. Ushahidi ukipatikana anaweza kushtakiwa upya. Aliyeachiwa huru baada ya kesi kusikilizwa hadi mwisho ndiye asiyeweza kushtakiwa tena kwa kosa lilelile.

Je, wajua kwamba dhamana hainunuliwi? Ni bure. Mdhamini anasaini ahadi kwamba mshtakiwa atarudi, na mshtakiwa akitoroka, mdhamini ndiye anayedaiwa kiasi kilichotajwa. Lakini yapo makosa yasiyo na dhamana kabisa Tanzania Bara, miongoni mwake mauaji, uhaini, unyang'anyi wa kutumia silaha na utakatishaji fedha.

Kituoni, askari ana saa 4 za kukuhoji tangu ulipowekwa chini ya ulinzi, na akitaka zaidi lazima muda uongezwe kwa utaratibu wa kisheria. Huna lazima ya kujieleza. Ukikubali kuandika maelezo, omba uyasome au usomewe kabla hujasaini, kwa sababu karatasi ile itakufuata hadi mbele ya hakimu. Kwa makosa mengi sheria inataka ufikishwe mahakamani ndani ya saa 24, na isipowezekana upewe dhamana ya polisi.

Mtoto wa chini ya miaka 10 hawezi kuwa na hatia ya jinai Tanzania Bara. Kenya umri huo ulikuwa miaka 8 hadi Sheria ya Watoto ya 2022 ilipoupandisha kuwa 12.

Je, wajua kwamba mkataba wa mdomo ni mkataba? Fundi uliyekubaliana naye bei ya kuezeka bati mkiwa mmesimama uani anaweza kukudai mahakamani, nawe unaweza kumdai yeye. Tatizo ni ushahidi tu: nani alikuwepo, ujumbe gani ulitumwa kwenye simu, muamala wa malipo unaonyesha nini. Ardhi ndiyo habari nyingine. Sheria ya Ardhi ya 1999 inataka makubaliano ya kuiuza yawe kwa maandishi, na ardhi ya kijiji ina sheria yake ya mwaka huohuo inayoipa halmashauri ya kijiji kauli katika uhamisho wake.

Sasa tuingie nyumbani, kwenye Sheria ya Ndoa ya 1971, ambayo kila aliyeoa au kuolewa angepaswa kuisoma japo mara moja. Utasikia watu wakisema mkikaa pamoja miezi sita mmeshakuwa mke na mume. Sheria inasema miaka 2, tena wawe watu wanaoruhusiwa kuoana na jamii iwe inawatambua hivyo. Na hata hapo ni dhana tu, mtu anaweza kuleta ushahidi wa kuipinga. Ndoa haibatiliki kwa sababu mahari haijalipwa. Mume hawezi kuuza wala kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mkewe, wala mke bila ya mumewe. Na tangu mwaka huo wa 1971 imeandikwa kwamba hakuna mwanandoa mwenye haki ya kumpiga mwenzake. Yeyote asemaye kipigo ni mambo ya ndani ya nyumba hajaisoma sheria hiyo.

Je, wajua kesi ya Bi Hawa Mohamed? Ilifika Mahakama ya Rufani mwaka 1983, mbele ya Jaji Mkuu Francis Nyalali. Bi Hawa alikuwa mama wa nyumbani, ametalikiwa, hana mshahara aliowahi kupokea, naye alidai sehemu ya mali iliyopatikana wakati wa ndoa. Sheria inazungumzia mchango wa fedha, mali au kazi. Je, kupika, kufua na kulea ni "kazi" kwa maana hiyo? Majaji wa mahakama za chini walikuwa wamegawanyika. Mahakama ya Rufani ikajibu kwamba ndiyo, kazi za nyumbani ni mchango, na mke aliyezifanya anastahili mgao.

Lakini Bi Hawa mwenyewe hakupata kitu. Mahakama iliona kwamba mumewe alikwisha kumpa fedha za kuanzisha shughuli, na kwamba alizitumia ovyo. Rufaa yake ikatupwa. Alishindwa, na wanawake wengi waliotalikiwa baada yake wameshinda kwa hoja yake. Kila wakili wa kesi za ndoa nchini anaitaja hukumu ile, na mimi nikiisoma huwa namfikiria zaidi yeye kuliko kanuni aliyoiacha.

Kesi ya pili ni ya Holaria Pastory, mwanamke wa Kihaya aliyerithi shamba la ukoo kutoka kwa baba yake kwa wosia. Mwaka 1988, uzee ukiwa umemfikia, aliliuza kwa Sh 300,000 kwa mtu asiye wa ukoo. Ndugu wa ukoo akaenda Mahakama ya Mwanzo kupinga, akiwa na sheria za mila zilizotangazwa rasmi mwaka 1963: mwanamke hutumia shamba la ukoo maisha yake, ila haliuzi. Mahakama ya Mwanzo ilikubaliana naye. Mahakama ya Wilaya ikakataa. Shauri likapanda hadi Mahakama Kuu, Mwanza, kwa Jaji James Mwalusanya.

Kilichombeba Holaria ni wakati. Haki za msingi ziliingizwa kwenye Katiba mwaka 1984, zikaanza kudaiwa mahakamani 1988, mwaka uleule aliouza shamba. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya aliamua kwamba mila ile ni ya kibaguzi na haiwezi kusimama mbele ya Katiba: mwanamke anauza kama mwanamume anavyouza. Ukoo ukitaka shamba lake, alisema, umrudishie mnunuzi zile Sh 300,000 ndani ya miezi 6, kama ambavyo ingekuwa kwa muuzaji mwanamume.

Hapo ndipo unapoona Katiba inafanya kazi gani. Ndiyo sheria mama, na sheria yoyote inayogongana nayo, iwe ya mila au ya Bunge, inaweza kuangushwa. Mwaka 2016 mwanaharakati Rebeca Gyumi alivishambulia kwa njia hiyo vifungu vya Sheria ya Ndoa vilivyoruhusu binti kuolewa kabla ya miaka 18. Mahakama Kuu ikampa ushindi, na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikaukazia.

Je, wajua kwamba wosia wa mdomo unakubalika katika sheria za mila? Unahitaji mashahidi wasiopungua 4, wawili wa ukoo na wawili watu baki. Na msimamizi wa mirathi si mrithi kwa sababu tu ya usimamizi wake. Kazi yake ni kukusanya mali, kulipa madeni, kugawa kwa wanaostahili, kisha kurudi mahakamani kutoa hesabu. Warithi wakiona mwaka unapita na hesabu haijaonekana, wana haki ya kuiomba mahakama imwite, na hata imwondoe.

Zanzibar ina Mahakama Kuu yake na Mahakama za Kadhi. Pande zote mbili za Muungano zinakutana Mahakama ya Rufani, iliyoanzishwa 1979, ila mashauri ya Kiislamu yaliyoanzia kwa Kadhi hayafiki huko.

Tangu 2021 Kiswahili ndicho lugha ya sheria na ya mahakama Tanzania. Mwaka huohuo mabaraza ya kata yaliondolewa uwezo wa kuamua kesi za ardhi. Yamebaki kusuluhisha, na yana siku 30 za kufanya hivyo kabla hujakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

Na je, wajua kwamba haki ina muda wake? Ukifukuzwa kazi isivyo halali una siku 30 za kupeleka mgogoro Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Madai ya mkataba ni miaka 6. Madhara uliyotendewa, kama ajali ya uzembe, ni miaka 3. Ardhi ni miaka 12. Watu wengi wenye haki kamili hushindwa hapa, kabla hata ya shahidi wa kwanza kuitwa, kwa sababu walikuwa wakingoja wazee wakae kikao, bosi atulie, au ndugu arudi safari.

Usiporidhika na hukumu ya Mahakama ya Mwanzo, rufaa inakwenda Mahakama ya Wilaya ndani ya siku 30 tangu uamuzi ulipotolewa. Ukichelewa, unaanza kwa ombi la kuongezewa muda, na hapo hakimu hatakuuliza kwanza kama ulionewa. Atakuuliza kila siku uliyochelewa ulikuwa wapi.