Mtakatifu Walburga na Mafuta ya Taa

Hapa Mabawa twaulizwa mara kwa mara: "Padre, mafuta ya mtakatifu yanapatikana wapi? Nina mgonjwa nyumbani." Swali hilo latupa nafasi ya kueleza habari za mama mmoja ambaye jina lake tunalo hapa nchini, kwani hospitali ya Nyangao, mkoani Lindi, huitwa Hospitali ya Mtakatifu Walburga.

Walburga alizaliwa Uingereza yapata mwaka 710, akalelewa na watawa wa Wimborne. Mtakatifu Bonifasi, aliyekuwa akihubiri Injili katika nchi ya Wajerumani, alipoomba watawa wa kumsaidia, Walburga alikuwa miongoni mwa waliovuka bahari. Kaka yake Willibald alikuwa askofu wa Eichstätt. Kaka yake mwingine, Winibald, alianzisha monasteri ya Heidenheim mwaka 752. Winibald alipofariki mwaka 761, Walburga alishika uongozi, akawa Abesi wa watawa wa kike na wa kiume pia. Hapo Heidenheim mtawa Hugeburc aliandika maisha ya kaka hao wawili. Basi mzazi anayeona kumsomesha binti ni hasara na atafakari hayo.

Walburga alifariki yapata mwaka 779. Karne moja hivi baadaye masalia yake yalihamishiwa Eichstätt, ambako abasia yenye jina lake ipo tangu mwaka 1035. Penye kaburi lake hudondoka umajimaji safi, nao masista huukusanya katika vichupa na kuwapa waamini. Huo ndio uitwao mafuta ya Mtakatifu Walburga.

Sasa tufafanue. Mafuta hayo si dawa, wala si sakramenti; ni ishara ya kutukumbusha kuomba. Sakramenti ni Mpako wa Wagonjwa, ambao msingi wake twausoma katika Barua ya Yakobo, nao hauuzwi. Wala asiwepo mtu wa kuacha vidonge vyake kwa kuwa amepakwa mafuta. Tazameni: huku kwetu jina la Walburga limeandikwa hospitalini, penye daktari na muuguzi anayekesha. Imani na tiba hazigombani.

Nasi mapadre tukiri kosa letu: tu wepesi wa kubariki chupa, wazito wa kuingia chumbani kwa mgonjwa. Wahenga walisema, mgonjwa haulizwi uji. Apelekewe tu.

Wale wanawali watano wenye busara hawakuweza kugawa mafuta yao, kwa maana upendo hauazimwi saa ya mwisho. Hujazwa taani siku kwa siku. Basi, kabla ya tarehe 25 Februari, sikukuu ya mtakatifu huyu, kila mmoja wetu amtembelee mgonjwa mmoja wa jumuiya yake, na makatekista watuletee majina ya wanaohitaji Mpako.

Mtakatifu Walburga, utuombee. Amina.