Gari bovu gerejini: chuma chakavu au mtaji?

Tarehe 6 Februari 2015, katika mnada wa kampuni ya Artcurial jijini Paris, Ufaransa, Ferrari moja iliyojaa vumbi iliuzwa kwa euro milioni 16.3, ada ya mnada ikiwemo. Makisio yalikuwa kati ya milioni 9.5 na 12. Miezi michache kabla ya hapo gari hilo lilikuwa gerejini magharibi mwa nchi hiyo, limefunikwa marundo ya magazeti ya zamani.

Aliyeliweka humo, Roger Baillon, alikuwa mfanyabiashara wa usafirishaji kwa malori. Alikusanya magari ya kale akitaka kufungua jumba la makumbusho. Miaka ya 1970 biashara ikayumba, magari kadhaa yakapigwa mnada, na mengine yapatayo 60 yakabaki shambani, mengi chini ya mabanda ya mabati yasiyo na kuta. Yakaliwa na kutu hadi mwaka 2014, wathamini walipoitwa.

Msomaji akisikia habari hii hukimbilia ile milioni 16. Aangalie kwanza hesabu nzima. Mnada wote uliingiza takriban euro milioni 25. Ferrari peke yake ilibeba karibu theluthi mbili. Maserati A6G iliyokuwa nayo chumba kimoja ilipata karibu milioni 2. Magari mengine yote, zaidi ya 50, yaligawana kama milioni 7.

Chuoni tulifundishwa kushusha thamani ya gari kila mwaka mpaka libaki sifuri kwenye vitabu. Hatukufundishwa kinachofuata baada ya sifuri. Umri peke yake haulipi. Ferrari ile ni 250 GT California Spider ya chasisi fupi, na zilitengenezwa 56 tu. Hati zake zilionyesha kuwa iliwahi kuwa mikononi mwa mcheza sinema Alain Delon, na picha zake akiwa nayo zilikuwapo. Na ilikuwa ndani ya gereji iliyofungwa, wakati wenzake walinyeshewa pembeni.

Uingereza nako kulikuwa na kisa cha namna hiyo. Daktari mmoja aliacha Bugatti Type 57S Atalante ya mwaka 1937 gerejini kwake Newcastle kwa karibu nusu karne. Alipofariki, warithi waliikuta ikiwa na injini na bodi yake ya asili. Mwenye gari wa kwanza alikuwa Earl Howe, mtu mkubwa katika mashindano ya magari ya nchi hiyo. Februari 2009 kampuni ya Bonhams iliiuza kwa euro milioni 3.4, na huo ulikuwa wakati mabenki ya dunia yakiyumba.

Tuje nyumbani. Peugeot 404 iliyopandishwa juu ya mawe nyuma ya nyumba ya mzee haitakupa mamilioni ya euro. Zilitengenezwa zaidi ya milioni 1.8. Lakini 404 ilishinda Safari Rally mwaka 1963, kisha 1966, 1967 na 1968. Gari lililokimbia mashindano yale, likiwa na kadi yake, picha na nambari ya chasisi inayolingana, ni bidhaa nyingine kabisa.

Kwa hiyo kabla hujamwita mnunuzi wa chuma chakavu anayepima kwa kilo, soma nambari ya chasisi na ya injini, uzilinganishe na kadi ya gari. Tafuta risiti na picha za familia. Usimruhusu fundi kunyoosha bodi wala kupiga rangi ili "lipendeze". Wanunuzi wa Paris walilipia vumbi lile lile. Na kama mirathi haijafungwa, malizeni hilo kwanza, maana hakuna dalali makini atakayeligusa gari lenye wenyewe watano wanaogombana.