Sadaka Yetu Imezaa Kazi Gani?

Injili ya Luka 14:28 yatukumbusha kuwa ajengaye mnara huketi kwanza akahesabu gharama. Hapa Nansio, ambako saruji huvuka ziwa kutoka Mwanza, tusiulize tu fedha zilizotumika, bali zimezaa kazi gani.

Tuchukue mfano wa nyumba ya mapadre iliyokadiriwa shilingi milioni 40. Kazi imefika nusu, yaani thamani ya milioni 20, ilhali zimetumika milioni 25. Tukigawa 20 kwa 25 twapata 0.8: kila shilingi imezaa kazi ya senti 80 tu. Mwendo huo ukiendelea, nyumba itagharimu milioni 50. Kamati iwaeleze waamini pengo hilo mapema, wala isingoje kuta zisimame bila paa. Sadaka ya mjane yastahili hesabu ya kweli.