Mahone Ndiye Aliyeokoa Prison Break

Wasee wengi bado hubonga ati series ya Prison Break ilikuwa noma sizoni ya kwanza, zingine ni stori za jaba. Zii. Sizoni ya pili, ile ya 2006 hadi 2007, ndio iliniweza.

Cheki shida walikuwa nayo. Ya kwanza walikuwa wameshuti kwa jela ya ukweli kule Joliet, Illinois, mawe na vyuma tupu, saa inasonga na ukuta hausongi. Sasa mbogi ya wasee wanane ishachomoka. Kamera zikahamia Dallas, Texas, na ghafla ni barabara, treni, vichaka na jua kali. Ukuta ukishaisha, Scofield, msee aliyepanga kutoroka, atapigana na nini?

Wakamletea Alexander Mahone, sanse wa FBI, William Fichtner akamcheza fiti sana. Huyu buda hana makelele. Anakalia picha za tatoo ya Scofield, ile yenye mchoro wa kutoroka, akiisoma kama gazeti, halafu anajiuliza: msee aliyepanga haya yote, kompyuta yake iko wapi? Anaingia keja ya Scofield, anachungulia dirishani, anaona mto. Diski ya hiyo kompyuta inatolewa majini. Maze! Mchoro uliowatoa ndani ndio sasa unawachoma.

Na yeye mwenyewe si msafi. Amezika msee nyuma ya nyumba, na vidonge vyake hukaa ndani ya kalamu. Kampuni, ile mbogi ya siri nyuma ya njama, inajua, imemshika pabaya, so hashiki watu, anawamaliza. Kati ya wale wanane, Abruzzi anamwagiwa risasi nje ya moteli. Tweener anamalizwa kando ya barabara. Haywire hata haguswi: Mahone anambongesha tu polepole, sauti ya baba mzazi, hadi chali anajirusha kutoka mnarani. Hiyo ilinitoa jasho kuliko risasi zote.

Zile stori za rais na njama zake mi huruka, zinachosha. Lakini Bellick usiruke. Askari jela aliyekalia watu Fox River, ile jela walitoroka, anafutwa kazi, anaanza kuwinda doo za kushika wakimbizi, halafu anaangukiwa na kesi ya mauaji na kufungwa Fox River hiyo hiyo, na wale wasee alikuwa akiwatesa wako hapo wakimngoja. Kufika mwisho wa sizoni yeye, T-Bag (mmoja wa wale wanane), Mahone na Scofield wote wamejipata Sona, Panama, jela yenye maaskari huchunga nje tu. Ndani mjipange.