Saa ya Kiswahili na Uso wa Saa: Mfano wa Kapedo, Lodwar na Kakuma

Saa ya mkono ni chombo kilichoingia katika maisha ya Waafrika Mashariki bila kubadilisha namna yao ya kuhesabu muda. Akrabu fupi ikigusa 7 asubuhi, Mswahili husema "saa moja". Ikigusa 1 mchana, husema "saa saba". Jicho husoma tarakimu moja, ulimi ukatamka ile inayoikabili upande wa pili. Wageni hulidhani jambo hili kuwa kosa, ilhali ni mfumo kamili: mchana huhesabiwa tangu macheo, na usiku tangu machweo.

Mfumo huu una jamaa zake. Waethiopia nao huhesabu hivyo hivyo. Waturuki walikuwa na saa iliyorekebishwa kila jua lilipozama, hadi walipouacha utaratibu huo mwaka 1926. Kurekebisha huko kulikuwa na sababu, kwani kadiri mtu anavyosogea mbali na ikweta ndivyo urefu wa mchana unavyobadilika. Huko London mchana wa Juni hupita saa 16, na wa Desemba haufiki saa 8. Kapedo, mji mdogo wa chemchemi za maji moto mpakani mwa Turkana na Baringo, uko takriban digrii 1 kaskazini mwa ikweta. Tofauti kati ya mchana mrefu kabisa na mfupi kabisa hapo ni kama dakika 8 tu. Mwenye saa ya kamani huitia ufunguo kila siku, lakini hana haja ya kulifukuza jua.

Hata hivyo, saa na jua havilingani. Saa rasmi ya Afrika Mashariki hufuata longitudo ya digrii 45 mashariki, nayo Kapedo iko karibu na 36. Kila digrii ni dakika 4. Kwa hiyo jua la Kapedo huchelewa kwa wastani wa dakika 36 hivi. Saa sita kamili hulikuta jua halijafika kilele chake. Mchungaji anayepima adhuhuri kwa kivuli chake yuko sahihi kuliko saa, ingawa mwalimu hatamkubalia mwanawe hoja hiyo akichelewa shuleni.

Utata mkubwa zaidi uko Kakuma, ambako kambi ya wakimbizi ilianzishwa mwaka 1992. Wengi wa waliofika walitoka Sudan Kusini, na baadhi yao husema Kiarabu cha Juba. Kiswahili kiliazima sita, saba na tisa kutoka Kiarabu, lakini hakikuazima hesabu ya saa inayotumiwa na wasemaji hao leo. Msemaji wa Kiarabu akitaja "saa saba", kwa matamshi yanayokaribiana mno na yetu, anakusudia ile 7 iliyo usoni mwa saa. Mama akiambiwa kwa Kiswahili amlete mtoto kliniki saa saba, huenda akafika asubuhi na mapema, akangoja saa sita nzima. Jirani yake Mwethiopia hupatana na Mswahili bila shida.

Simu ya mkononi haijasaidia. Hata ikiwekewa lugha ya Kiswahili, huendelea kuonyesha 7:00. Ndiyo maana msafiri wa Lodwar akipewa tiketi ya basi iliyoandikwa tarakimu hiyo, humwuliza karani: "Ya Kiswahili au ya Kizungu?"