Taarabu Yanguruma, Mawaidha Hayasikiki

Msomaji wa Tanga ametuandikia. Amechoma mwenyewe DVD ya harusi ya dada yake. Kwenye menyu taarabu inanguruma hadi mtoto anaamka; akianza kuicheza harusi yenyewe, mawaidha ya shehe hayasikiki. Ajabu ni kwamba programu ilimwambia sauti zote mbili zimesawazishwa.

Zimesawazishwa kweli, lakini kwa kilele: programu ilitafuta nukta moja ya juu kabisa katika kila faili, ikaifikisha kwenye ukomo. Sikio halisikii hivyo.

Chukua sufuria mbili za wali. Katika ya kwanza chumvi imeyeyuka, imeenea. Ya pili haina ladha, ila ndani yake limebaki bonge moja la chumvi. Anayepima kwa kuwinda tonge lenye chumvi kuliko yote ataipa ya pili ushindi, na mlaji atakula chapwa. Mawaidha ndiyo sufuria ya bonge. Maikrofoni iligongwa mara moja, au kigelegele kimoja kilipigwa karibu na kamera, na hapo ukomo ukajaa. Taarabu imekolea kila tonge: fidla, akodiani, dumbaki. Lisage bonge kwanza, ndipo utapata nafasi ya kutia chumvi sufuria nzima.

Hiki kinachokolea tukiiteje? "Ukubwa wa sauti" tumeshauachia rimoti, na "uvumi" ni mali ya wambea. Napendekeza mvumo. Ngoma ivumayo haidumu, walisema wazee, na kitenzi walichokichagua ndicho hasa tunachokihitaji.

Mvumo una kipimo rasmi tangu 2006, kiitwacho BS.1770, cha shirika la kimataifa la mawasiliano, ITU. Hupunguza besi nzito, ambazo sikio halizijali sana, huinua kidogo sauti nyembamba, kisha hupima nguvu ya vipande vya milisekunde 400, kimojakimoja. Vya kimya huvitupa. Vilivyobaki huvitafutia wastani. Ni sikio lililoandikwa kwa hesabu, na kwangu ni kazi nzuri mno. Mwaka 2010 watangazaji wa Ulaya waliweka lengo lao: −23 LUFS, kizio cha mvumo huo.

Programu ya sauti Audacity inacho kipimo hicho. Punguza ule mlio wa maikrofoni iliyogongwa, ipe harusi −23, menyu −26. Wimbo uliotoka kwenye CD ugeuze kutoka sampuli 44,100 kwa sekunde hadi 48,000 za DVD. Kisha sikiliza kwenye runinga ya sebuleni, si kwa spika za kompyuta, kabla hujachoma nakala za jamaa.