Masimulizi ya Maisha katika Nyaraka za Benki: Mfano wa Rejista za Freedman's Savings Bank

Nyaraka za benki huchukuliwa kwa kawaida kuwa hazina ya historia ya uchumi pekee. Makala haya yanaeleza jinsi benki moja ya Marekani ilivyohifadhi, bila kukusudia, masimulizi ya watu ambao taasisi nyingine hazikuona haja ya kuandika hata majina yao.

Freedman's Savings Bank iliundwa kwa sheria iliyotiwa saini na Rais Abraham Lincoln tarehe 3 Machi 1865, ili ipokee akiba za watu Weusi waliotoka utumwani. Wengi wao hawakujua kuandika, kwani majimbo kadhaa ya Kusini yalikuwa yamepiga marufuku kuwafundisha watumwa. Badala ya saini waliweka alama ya X, ambayo yeyote angeweza kuiiga. Hivyo karani alimtambua mwenye amana kwa kumhoji. Fomu za mwanzo ziliuliza mahali alikozaliwa, umri, kazi, jina la aliyekuwa bwana wake, mwenzi wake, watoto, wazazi na ndugu zake, na ziliacha nafasi ya maelezo mengine.

Majibu yalivuka mahitaji ya benki. Rejista zinataja ndugu waliouzwa mbali wasionekane tena, wazazi waliofariki na vikosi ambamo wanaume walipigana vitani. Uzito wa taarifa hizo hudhihirika zikilinganishwa na sensa za 1850 na 1860, ambamo takribani watumwa wote waliorodheshwa bila majina, kwa umri, jinsia na rangi tu, chini ya jina la mmiliki. Kwa wazao wengi, rejista hizi ndizo daraja la kuwafikia mababu wa kabla ya 1865.

Benki yenyewe ilifungwa mwaka 1874 kutokana na mikopo mibaya, usimamizi dhaifu na msukosuko wa fedha wa 1873. Wenye amana waliofidiwa walipata asilimia 62 tu ya haki yao, na wengi hawakupata chochote. Fedha zilipotea, maelezo yaliyochukuliwa ili kuzilinda yalibaki. Rejista za matawi 29 zimo katika Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Marekani, na faharasa yenye majina yapatayo 480,000 ilitolewa mwaka 2001.

Mfano huu una mafunzo matatu kwa watunga sera. Kwanza, thamani ya waraka wa benki haiishi akaunti inapofungwa. Kabla ya kuteketezwa, uchunguzwe na mtaalamu wa nyaraka. Pili, benki inapofilisika, rejista zake zisiachwe zitawanyike pamoja na mali nyingine. Tatu, wahojiwa walijieleza ili kulinda akiba zao, si ili wasomwe na umma. Kwa hiyo sheria iweke muda wa kutosha kupita kabla ya rejista za namna hiyo kufunguliwa.